Chai ya Aliyeshindwa

Quakers Hill, Sydney
16 Februari 2025

Dada yangu Zilpah,

Nakusalimu kabla sijakasirika, maana nikianza na hasira salamu zitasahaulika. Sisi tu wazima. Wifi yako Mutanu amepangiwa tena shifti za alfajiri kule kwa wazee anaowatunza. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Binti yetu ameanza chuo, na siku hizi hata nikimuuliza kama ameshiba ananijibu kwa Kiingereza. Naandika kwa Kiswahili kama Baba alivyotulazimisha, na pia ili Mutanu asome asije akadhani Wakikuyu wawili wanamteta. Naandika kwenye karatasi kwa sababu nimejitoa kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Mle ndani mtu hujibu kabla hajamaliza kusoma.

Sasa jambo lenyewe. Nilirudi kutoka Nakuru kumzika Baba Mdogo, udongo wa kaburi haujakauka kwenye viatu, nikakuta Kombe la Magharibi limechinjwa. Wameua mtoano! Kuanzia Aprili timu zitapangwa kwenye makundi, zitacheza mechi baada ya mechi, kisha pointi zijumlishwe, kisha wawili wa juu waendelee, kisha wa tatu naye atafutiwe mlango wa nyuma. Ukishindwa huendi nyumbani. Unapewa nafasi nyingine. Ukishindwa tena unapewa kikokotoo.

Nitakueleza kama ninayemweleza mgeni, kwa kuwa maneno haya nitayatia katika waraka ninaouandikia klabu zote. Colm, msimamizi wetu wa ghala kule Wetherill Park, Mwairishi mwenye mdomo mkubwa kama wangu, ndiye aliyetuonyesha mimi na Salvator Niyonzima mpira wa kwao: mpira unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Ukiuingiza wavuni ni pointi tatu, ukiupitisha juu ya mwamba ni moja. Salvator, aliyekuwa golikipa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, aliudaka mara ya kwanza akasema, "Mugenzi, huu ndio mpira Mungu aliokusudia, ule mwingine alikuwa anajaribu." Tukaunda Majirani, Warundi na Wakenya pamoja, yeye kocha, mimi mwenyekiti. Na kila mwaka tulikwenda kwenye Kombe, watu wamevaa nguo za kanisani, ngoma garini, kwa sababu kila mmoja alijua kuwa leo kuna atakayekufa.

Halafu chai. Desturi ile tuliileta sisi, na Waairishi wakaipenda kuliko sisi: aliyeshindwa humimina chai. Timu iliyotolewa huwapa washindi chai ya maziwa na mandazi, wote wamesimama kando ya uzio. Hakuna aliyekuwa anaondoka mapema. Unaondokaje, na adui yako anakuja na birika?

Komiti inasema mashabiki wanapungua, kwa hiyo tuongeze mechi. Ni sawa na mama ambaye watoto wamekataa uji wake, naye akabandika sufuria ya pili. Colm anasema hata kwao Ayalandi wamegombana hivi hivi kwa miaka, mara mtoano, mara makundi, na wazee wanauliza kwa nini waende uwanjani kutazama mechi isiyomuua mtu.

Sasa swali. Kila klabu ilipeleka wajumbe wawili kwenye ile kura ya Desemba. Wewe ulikwenda kwa niaba yangu, kabla hujahamia huko Perth, pamoja na Salvator. Ulinipigia simu Nakuru ukasema, "Tumeshindwa, kaka." Nikakushukuru. Lakini Colm anasema klabu nyingine zote zilitangaza misimamo yao mapema, na hesabu haikai sawa mpaka mmoja wenu awe amegeuka. Kura moja ndiyo iliyotumaliza. Wewe nakujua. Basi niambie, ulionaje uso wa Salvator?

Ndugu yako anayesubiri,
Ephraim


Perth
23 Machi 2025

Kaka Ephraim,

Barua yako ilifika Ijumaa, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Pole na goti. Wodi niliyopewa hapa ni ya mifupa, kwa hiyo usinidanganye kuhusu mvua: nenda ukapigwe picha. Mimi mzima. Perth ina joto la kuchoma mkate, na nimepata kanisa ambalo pasta anamaliza kabla watu hawajaanza kusikia njaa, jambo ambalo huko kwenu halijawahi kutokea. Msalimie sana wifi Mutanu, mwambie aache kuchukua shifti za watu wengine. Msalimie na Nibigira wa Salvator. Mwiko alionipa siku ya kuniaga ndio ninaousongea ugali.

Kuhusu Kombe, kaka, watu hawaji uwanjani kwa sababu nyingi. Wengi wanafanya kazi Jumapili. Watoto wamekua, wana michezo yao na marafiki zao. Ulipoanza klabu ulikuwa na vijana waliokuwa hawamjui mtu Sydney, na uwanja ndio uliokuwa mji wao. Leo wana wake, wana majirani. Hilo halikuletwa na makundi.

Na huenda makundi yasiwe mabaya kama unavyoyaogopa. Timu ndogo ikitolewa siku ya kwanza, mwaka wake umekwisha saa nane mchana. Umewahi kuwauliza wachezaji?

Usoni mwa Salvator niliona uso wa Salvator. Ukiandika waraka wako, nakuomba uache majina ya watu.

Nimepanda sukuma wiki kwenye ndoo. Imeota.

Dada yako,
Zilpah Wanjugu


Quakers Hill
4 Mei 2025

Zilpah,

Tu wazima, Mutanu anakusalimu, goti limepigwa picha na picha imesema nilichokuwa nasema mimi. Hongera kwa sukuma wiki. Kurasa mbili umeniandikia, na swali langu umelizunguka kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala.

Acha nikusimulie mechi ya kwanza ya zama mpya. Tulicheza Smithfield na mafundi wa ujenzi, vijana wekundu wenye mapaja kama magogo. Mwaka jana pale uzio ulijaa pande zote. Safari hii ungeweza kulaza ng'ombe kati ya shabiki na shabiki. Arakaza alikuja na ngoma yake. Akaipiga kidogo mwanzoni, mapumziko akaanza kuirudisha garini.

"Arakaza, mbona mapema?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi hupiga wakati mtu anakufa. Leo hafi mtu. Nitakuja mechi ya mwisho."

"Na kama mechi ya mwisho nayo haiui?"

"Basi nitakuja mwakani."

Umesikia, Zilpah? Kwa maneno hayo machache yule bwana ameeleza kile ambacho komiti nzima, yenye projekta na vijedwali vyake, haitaki kuelewa. Shabiki haendi uwanjani kuhesabu. Anakwenda kuogopa. Umempunguzia hofu, umempunguzia sababu ya kuvaa viatu. Wanasema mashabiki wamekuwa wavivu, wana simu, wana televisheni kubwa. Uongo! Watu hawa hawa walikesha na mwili wa mama yake mchezaji wetu Irankunda siku tatu bila kiti. Si wavivu. Wamekataa kudanganywa.

Tulishindwa, lakini hata kushindwa kwenyewe hakukuwa na ladha. Mwamuzi alipopuliza, nikamgeukia Nibigira, nikamwambia chai sasa. Akafunga thermos kwa kiganja, kap. "Bado hatujatolewa, Mwalimu." Chai ikarudi nyumbani kwenye buti la gari, na wale mafundi wakaondoka bila kutujua majina.

Hapo ndipo nilipomfuata Salvator kwenye maegesho. Sikunong'ona. Unanijua.

"Salvator, mwezi wa kumi na mbili ulipigaje kura?"

"Mugenzi, kura ni siri."

"Siri ni ya mwizi."

Watu wakageuka. Nibigira akamshika mkono mumewe, akasema, "Mwambie." Yeye akasema, "Hapana." Akamwambia tena kwa Kirundi, kwa ukali, naye akatikisa kichwa tu, akaanza kukusanya mipira kwenye mfuko kana kwamba sipo. Mtu asiye na hatia hujitetea, Zilpah. Nimesoma vya kutosha, nimefundisha historia miaka ishirini kabla sijaanza kupanga maboksi ya watu, na sijawahi kukutana na msaliti ambaye hakuanza kwa kunyamaza.

Nimeitisha mkutano wa klabu tarehe 15 Juni kumwondoa ukocha. Nimekula na mtu huyu. Mtoto wake nilimshika mimi siku ya ubatizo. Wewe ulikuwa naye chumba kimoja. Kama una neno la kumtetea, liandike lifike kabla ya siku hiyo. Kama huna, kimya chako nitakihesabu kuwa kura.

Ephraim


Perth
22 Juni 2025

Kaka,

Barua yako nilikaa nayo. Niliiweka kwenye droo ya vijiko, na kila nilipotaka kijiko niliiona. Tarehe uliyoitaja imepita, na najua maana yake. Sitakuuliza habari za nyumbani leo, maana nikianza na habari za nyumbani nitamaliza nazo, kama ile barua ya kwanza.

Ni mimi.

Salvator alipiga kura ya hapana. Karatasi yake niliiona kwa sababu alinionyesha, akasema, "Nimemwahidi Mwalimu." Wachezaji wake wote walikuwa wanataka makundi, walimwambia hivyo, na bado alipiga hapana kwa ajili yako. Kisha akaniona nikiandika ndiyo. Nikamwomba asikuambie, nitakuambia mwenyewe nikishahama. Nikahama.

Sasa nisikilize, na usisimame kwenye kiti. Umeandika kuhusu chai ile utadhani ni sakramenti. Katika waraka wako umesahau jambo moja. Kila mwaka, kaka, kila mwaka bila kuruka hata mmoja, waliomimina walikuwa sisi. Majirani hatukuwahi kushinda mechi ya kwanza. Vijana walifanya mazoezi kuanzia Januari, gizani baada ya kazi, wakacheza saa moja, wakaaga. Na wewe ukapanda kwenye kiti na kikombe mkononi ukawahutubia Waairishi kwamba kushindwa kwa heshima ni nusu ya ushindi. Wakakupigia makofi. Birika lilikuwa mkononi mwa nani? Mwangu, mwa Nibigira, mwa Mutanu. Wiki nzima tunawalisha na kuwanywesha wazee wa watu. Jumapili, siku yetu moja, tunawamiminia vijana wa watu, nao wanatuambia "asante, mama" bila kutuangalia.

Ningekuambia ana kwa ana? Nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu ulinijibu kwa hotuba. Mtu hakuambii jambo, Ephraim. Mtu hukupa nafasi ya kuhutubu.

Kwa kura yangu siombi msamaha. Kwa Salvator naomba. Mwambie. Au niruhusu nimwandikie.

Zilpah


Quakers Hill
10 Agosti 2025

Zilpah,

Kwa heshima ya Baba nitasalimu: hujambo. Sisi hatujambo, kadiri inavyowezekana.

Salvator alitolewa. Nilizungumza dakika arobaini. Nilitumia mifano ya kihistoria. Nilisema kuna watu wanaofungua lango la mji usiku na asubuhi wanakuwa wa kwanza kulia. Vijana walitazama viatu vyao, na mimi nikadhani ni huzuni. Mkono mmoja ulianza kunyanyuka, ukafuatiwa na mingine, polepole, kwa sababu wananiogopa, hilo nimelielewa baada ya barua yako. Salvator alisimama, akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani, akasema, "Irankunda anajua mazoezi." Akatoka. Hakusema neno jingine, na neno hilo jingine lilikuwa jina lako.

Ulisema utaniambia ukishahama. Ulihama Januari. Barua yangu ya kwanza ilikuuliza waziwazi, ukanijibu kwa mwiko wa ugali. Ya pili ilikutajia siku. Uliisoma, ukaitia kwenye droo, ukala na vijiko vyake, na tarehe kumi na tano ikapita wewe ukiwa hai na mwenye afya, karibu na posta. Kura yako ningeweza kubishana nayo. Ningekasirika mwezi mmoja, ungenikasirikia miwili, tungemaliza. Lakini uliniacha nimchome rafiki yangu kwa kisu ambacho mpini wake ulikuwa mkononi mwako. Na wengine wote walijua! Mutanu alijua. Nilimuuliza juzi, akaniambia, "Wewe ulimuuliza Salvator, mimi hukuniuliza." Nimeishi katika nyumba hii kama mume anayesomewa taarifa ya habari ya jana.

Kuhusu birika: nimelisikia. Sitalijibu leo, kwa sababu jibu nililonalo ni hotuba.

Lakini nawe usidhani makundi yako yamekuokoa. Hii ni habari ambayo ulistahili kuipata kwa furaha, na nasikitika inakufikia hivi. Tumeshinda. Majirani, Jumapili iliyopita, mechi ya mwisho ya kundi. Irankunda alipiga mpira ukapita juu ya mwamba sekunde za mwisho, vijana wakaangukiana kama watoto. Nilitafuta mtu wa kumkumbatia kwenye uzio, nikakuta kuna mzee mmoja na mbwa wake, aliyekuwa anapita. Arakaza hakuja, kwa sababu alishaona kwenye msimamo kwamba hata tukishinda hatuendi popote. Na wapinzani? Walikuwa wameshafuzu. Waliwapumzisha watu wao wote wa maana wakatuletea wachezaji wa akiba. Tumewashinda watu waliotumwa kushindwa.

Mutanu alikuwa ameleta kikombe chake kutoka nyumbani, kile cha bluu. Sikumwelewa kwa nini mpaka nilipomwona amesimama nacho kando ya uwanja, anasubiri. Wale vijana waliingia kwenye magari yao. Kwa nini wamimine chai? Hawakutolewa. Mutanu akakifuta kikombe kwa ncha ya leso, akakirudisha mkobani, akasema, "Twende, baba."

Miaka yote hiyo tumewamiminia. Siku zamu yetu ilipofika, desturi ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni dada yangu, akitaka tupumzike. Hili nalo liweke kwenye droo.

Usimwandikie Salvator. Deni la maneno yangu ni langu.

Ephraim


Perth
5 Oktoba 2025

Kaka Ephraim,

Nakusalimu, na safari hii nasalimu kwa kumaanisha. Wifi amenipigia simu, kwa hiyo najua goti litafanyiwa upasuaji mwakani. Ningekuja kukuuguza. Sijui kama ninaruhusiwa.

Sikujua kuhusu kikombe cha bluu. Nimekisoma hicho kipande nikiwa kazini, chumba cha mapumziko, na mwenzangu Mkongo akaniuliza nani amefariki.

Nilidhani nikikaa kimya Salvator atasema. Ndivyo nilivyojidanganya: nilimwachia yeye aokoe jina lake kwa kulitoa langu. Naye hakulitoa. Unasema nilikula na vijiko vya droo ile. Kweli nilikula.

Bado nasema vijana walistahili mechi zaidi ya moja. Unaweza kuwa na kosa na ukawa na haki siku hiyo hiyo, hata kwenye vitabu vyako limo.

Nasikia kura inarudiwa Desemba, komiti imeogopa nyuzio tupu, na kwamba safari hii mjumbe ni wewe mwenyewe. Utapigaje? Niandikie. Naomba hata kama ni mstari mmoja.

Zilpah


Quakers Hill
14 Desemba 2025

Zilpah Wanjugu,

Salamu kutoka kwetu. Joto limeanza, mbu nao. Binti yetu amefaulu mitihani na amenishukuru kwa Kiswahili sanifu kabisa, nikashuku anataka gari.

Nilikwenda Smithfield kwa Salvator, Jumamosi iliyotangulia kura. Nilipika chai mwenyewe. Mutanu alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama nikiunguza maziwa ya kwanza, hakunisaidia, na alikuwa na haki. Nikaitia kwenye thermos, nikabeba na vikombe. Nibigira akafungua mlango, akaona nilichoshika, akanipisha. Nikamwambia Salvator mbele ya mkewe na wanawe kwamba nilimsingizia, kwamba yeye peke yake ndiye aliyetimiza ahadi, na kwamba nimeshindwa. Kisha nikammiminia. Nyingine nikaimwaga kwenye sahani.

Nibigira akaonja ya kwake. "Hujatia tangawizi," akasema.

Salvator alikunywa yote, mpaka chini. Akaniuliza habari za goti. Akanionyesha bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwao. Irankunda amemwomba arudi ukocha, akasema atafikiria, na nadhani atarudi, kwa ajili ya vijana. Nilipoaga, akanishika mkono kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake anavyomshika mgeni, akasema, "Asante sana, Mzee Ephraim."

Mzee Ephraim. Miaka yote ya kazi na uwanja amekuwa akiniita mugenzi, ambalo kwao ni mwenza wa safari. Nilisimama mlangoni nikisubiri aseme tena, vizuri. Alikuwa amemaliza.

Kura imepigwa jana. Matokeo utayasikia kwa Mutanu, ambaye siku hizi namuuliza kila kitu. Kabla ya mkutano nilifanya uliloniambia, nikawauliza wachezaji mmoja mmoja, na nikanyamaza wakijibu, kazi ngumu kuliko maboksi. Niliwafikiria hao nikiwa na karatasi mkononi. Nilimfikiria Arakaza na ngoma yake. Nilikifikiria kikombe cha bluu. Halafu nikaandika neno moja, nikakunja.

Goti litafanyiwa upasuaji Machi. Njoo kama unakuja. Chumba kipo, na kitandani nitakuwa siwezi kusimama kwenye kiti.

Umeniomba nikuambie nilipigaje. Kura ni siri, dada yangu. Wewe mwenyewe uliniachia mwaka mzima wa kujifunza hilo.

Ephraim